James Prinsep: Mpima Fedha Aliyezifumbua Hati Zilizosahaulika

Utangulizi

Sarafu ni kitu kidogo. Hupita mikononi mwa wauzaji na wanunuzi kutwa kucha, na ni nadra kumpata mtu anayesita kuyasoma maandishi yaliyomo. Hata hivyo, katika historia ya taaluma ya lugha, zipo sarafu zilizotenda kazi ambayo nguzo kubwa za mawe na maktaba za wafalme hazikuweza kuitenda. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Mwanzoni mwa karne ya 19, wakazi wa India Kaskazini na wa maeneo ambayo leo ni Pakistani na Afghanistani waliishi miongoni mwa maandishi wasiyoweza kuyasoma. Yalichongwa na mababu zao kwenye majabali, nguzo na mahekalu, lakini maarifa ya kuyasoma yalikuwa yamekwisha kupotea kwa karne nyingi. Katika karne ya 14, Sultani Firuz Shah wa Delhi alihamishia jijini mwake nguzo ya kale yenye maandishi ya aina hiyo. Wasomi walipoitwa wayafasiri, hakutokea hata mmoja aliyeweza. Nguzo ikabaki imesimama kama mzee mwenye mengi ya kusema ila hana wa kumsikiliza.

Ufunguo wa kuyafumbua maandishi hayo ulipatikana kwa sehemu kubwa katika sarafu za wafalme wa Kigiriki waliotawala Baktria na India ya Kaskazini-magharibi baada ya kupita kwa Alexander Mkuu. Aliyeushika ufunguo huo hakuwa profesa wa lugha wala kasisi, bali mtumishi wa kiwanda cha kufulia sarafu ambaye kazi yake ilikuwa kupima usafi wa dhahabu na fedha. Jina lake ni James Prinsep.

Maisha ya Awali

James Prinsep alizaliwa nchini Uingereza tarehe 20 Agosti 1799 katika familia kubwa. Baba yake, John Prinsep, alikwenda India mnamo 1771 akiwa hana kitu, akatajirika kwa kilimo na biashara ya nili, kisha akarejea kwao. Baadaye mali hiyo ilipungua, na wana wa nyumba hiyo wakalazimika kujitafutia riziki.

Kijana James alikuwa na kipawa cha kuchora na mikono mwepesi wa kuunda vitu. Azma yake ilikuwa kuwa msanifu majengo, na alianza kufunzwa kazi hiyo na Augustus Pugin. Lakini mja hunena, Mungu hutenda. Alipatwa na maradhi ya macho yaliyomfanya asiweze kuendelea na kazi ya kuchora mistari myembamba mchana na usiku. Baba yake aliposikia kuwa kulikuwa na nafasi katika viwanda vya sarafu vya Kampuni ya India Mashariki, alimpeleka akajifunze kemia katika hospitali ya Guy's jijini London, na baadaye akafunzwa kupima madini katika Kiwanda cha Kifalme cha Sarafu. Inastaajabisha kwamba mtu aliyekatazwa usanifu kwa sababu ya macho ndiye baadaye aliyekuja kuona yale ambayo wenye macho mazima hawakuyaona.

Mpima Madini

Prinsep aliwasili Calcutta mnamo Septemba 1819, akiwa na umri wa miaka 20. Mkuu wake alikuwa Horace Hayman Wilson, mpima madini ambaye pia alikuwa mwanazuoni wa Kisanskriti. Muda si muda akahamishiwa Benares, ambako alikaa takriban miaka kumi hadi kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 1830.

Huko Benares alidhihirisha kuwa hakuwa mtu wa kazi moja. Alichora ramani ya mji, akahesabu watu wake, akajenga mfereji wa chini ya ardhi wa kuyaondoa maji yaliyotuama, na akaitengeneza minara ya msikiti wa Aurangzeb iliyokuwa ikielekea kuanguka. Aidha, alibuni mizani yenye uwezo wa kutambua tofauti ya uzito iliyo ndogo kupita kiasi, na uchunguzi wake kuhusu upimaji wa joto kali la tanuri ulimfanya achaguliwe kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London mnamo 1828.

Aliporejea Calcutta, alimrithi Wilson mwaka 1832, Wilson alipoondoka kwenda kufundisha Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alirithi vyeo viwili: mpima madini mkuu wa kiwanda cha sarafu na katibu wa Chama cha Asia cha Bengal. Mwaka huohuo alianza kulihariri jarida la chama hicho. Kazi ya kwanza ilimpa riziki, ya pili ikampa umaarufu, na mwisho wa yote, zote mbili kwa pamoja zikamla uhai.

Kuzitambua Sarafu za Wagiriki wa Mashariki

Katika kabati la chama mlikuwa na sarafu za kale za Kirumi na za Kigiriki zilizookotwa sehemu mbalimbali za India. Prinsep alianza kuzipanga na kuzieleza jaridani, kwanza zile za Kirumi na kisha zile za Kigiriki. Ni muhimu kuelewa jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mtambuzi wa sarafu huanza na madini na uzito, kwa kuwa kila dola ilikuwa na kipimo chake. Kisha huitazama sura ya mfalme: taji, kofia ya chuma, umri wa uso. Huigeuza sarafu na kumtazama mungu aliyechorwa upande wa pili, awe ni Zeus, Athena au Herakles. Mwisho husoma maandishi yaliyoizunguka picha, pamoja na alama ndogo za kiwanda. Hakuna hata hatua moja inayotosha peke yake. Prinsep alikuwa na sifa zote zilizohitajika: mkono wa mchoraji, mizani ya mpima fedha na subira ya mhariri. Picha nyingi za sarafu zilizotokea jaridani alizichora na kuzichonga kwenye mabamba ya shaba kwa mkono wake mwenyewe.

Sarafu hizi zilikuwa na umuhimu wa pekee. Katika vitabu vya kale, habari za wafalme wa Kigiriki wa Baktria na India ni chache mno. Mnamo 1738, Theophilus Bayer alitunga kitabu kizima kuhusu ufalme huo akiwa na sarafu za kuhesabika kwa vidole. Katika miaka ya 1820, James Tod alitangaza kuwa amepata nchini India sarafu za Apollodotus na Menander. Wafalme hao wawili walijulikana tayari kutokana na kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kitabu hicho kinasema kuwa drakma za kale zenye majina yao zilikuwa bado zikionekana katika bandari ya Barygaza, ambayo leo ni Bharuch, jimboni Gujarat. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kuwa Periplus ndicho hichohicho kinachoieleza pwani ya Azania na mji wa Rhapta. Pepo za msimu zilizovipeleka vyombo Barygaza ndizo zilizovileta huku kwetu.

Punde si punde, Prinsep akawa kama bandari yenyewe. Alexander Burnes alirudi kutoka Bukhara na sarafu. Majenerali wa Kizungu waliomtumikia mfalme wa Punjab walifukua mahekalu ya kale na kumpelekea waliyoyapata. Aliyewapita wote alikuwa Charles Masson, ambaye kwa hakika jina lake lilikuwa James Lewis, askari aliyetoroka jeshi la Kampuni mwaka 1827 na kujificha chini ya jina la kubuni. Katika uwanda wa Begram, kaskazini mwa Kabul, Masson alikusanya sarafu maelfu kwa maelfu, na ripoti zake zikachapishwa katika jarida la Prinsep. Kwa sarafu hizo, wafalme ambao hakuna kitabu kilichowataja wakaanza kurudi kutoka kaburini mwa usahaulifu, mmoja baada ya mwingine.

Sarafu Moja, Lugha Mbili

Jambo lililomvuta Prinsep zaidi lilikuwa hili: sarafu nyingi za wafalme hao zilikuwa na maandishi ya namna mbili. Upande mmoja Kigiriki, upande wa pili hati isiyojulikana, inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hati hiyo leo inaitwa Kharoshthi.

Chukua mfano wa sarafu ya fedha ya Menander, aliyetawala katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Upande wa sura ya mfalme pana maneno matatu ya Kigiriki: Basileos Soteros Menandrou. Kiswahili huonyesha umilikaji kwa a-unganifu, ilhali Kigiriki huubadilisha mwisho wa nomino. Kwa hiyo maneno hayo yanasomeka hivi: ya mfalme, mwokozi, Menander. Yaani sarafu hii ni yake. Ikiwa upande wa pili unasema jambo hilohilo kwa lugha nyingine, basi mtafiti ana tafsiri mkononi, tena yenye jina la mtu ndani yake. Majina ya watu ni tegemeo kuu la mfumbuaji wa hati, kwa kuwa maneno mengine hutafsiriwa lakini jina huhamishwa pamoja na sauti zake.

Masson ndiye aliyeanza kuzitambua alama zinazosimamia majina ya Menander, Apollodotus na Hermaeus, pamoja na zile za vyeo vya mfalme na mwokozi. Alimpelekea Prinsep uvumbuzi wake, naye Prinsep akaupima kwa sarafu baada ya sarafu, akaona ni wa kweli, na akautangaza akimtaja mwenyewe.

Hata hivyo, njia haikuwa nyoofu. Kwa sababu hati ilielekea kushoto, Prinsep alidhani kuwa lugha yake nayo ilitokana na Uajemi au Mashariki ya Kati. Alama iliyokuwa ikijirudia mwishoni mwa kila neno aliisoma kuwa irabu. Majina yalikubali, lakini vyeo vilikataa kutoa maana. Kupotea njia ndiko kujua njia. Mnamo 1838 alirudi nyuma na kuukiri upungufu wa usomaji wake wa awali mbele ya wasomaji wa jarida lake. Alama ile haikuwa irabu, bali silabi sa, kiambishi tamati cha umilikaji katika lugha za Kiprakriti, jamaa za Kisanskriti. Maneno ya upande wa pili wa sarafu ya Menander yalikuwa Maharajasa Tratarasa Menamdrasa. Hati ilikuwa imetokana na Magharibi, ila lugha ilikuwa ya wenyeji. Hapa pana somo ambalo kila mwanaisimu hulifunzwa mapema: hati si lugha.

Kutoka Sarafu hadi Nguzo

Wakati huohuo Prinsep alikuwa akishindana na hati ya pili, ile ya nguzo ya Delhi, ambayo leo huitwa Brahmi. Huku nako sarafu zilitangulia. Mwaka 1836, Christian Lassen wa Bonn alitumia sarafu ya mfalme Agathocles, yenye Kigiriki upande mmoja na Brahmi upande wa pili, kutambua herufi za jina la mfalme huyo.

Mnamo 1837 Prinsep alipokea nakala za maandishi mafupi yaliyochongwa kwenye ua wa mawe wa hekalu la Sanchi. Aligundua kwamba karibu yote yaliishia kwa herufi zilezile. Wakati huo alikuwa akishughulikia sarafu za Saurashtra, magharibi mwa India, ambazo zilimzoesha silabi sa ya umilikaji. Aliiona silabi hiyohiyo kabla ya neno la mwisho katika kila mstari wa Sanchi. Akawaza: ni kitu gani ambacho watu wengi tofauti wanaweza kukiandika kwa ufupi hekaluni, kila mmoja kwa jina lake? Jibu likamjia kuwa ni sadaka. Neno la mwisho ni danam, yaani zawadi. Kila mstari unasema ni zawadi ya fulani. Kwa herufi za neno hilo, alfabeti nzima ikaanza kufunguka, na katika muda wa wiki chache nguzo ya Delhi ikapata msomaji.

Nguzo na majabali yalizungumza kwa jina la mfalme aliyejiita Mpendwa wa Miungu, Piyadasi. Mwanzoni Prinsep alidhani kuwa ni mfalme wa Ceylon. Ni George Turnour, msomi wa maandiko ya Kipali aliyeishi Ceylon, aliyeonyesha mwaka huohuo wa 1837 kuwa Piyadasi ni lakabu ya Ashoka, mfalme wa India wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwaka uliofuata, Prinsep aliyatambua katika maandishi ya majabali majina ya wafalme wa Kigiriki, wakiwemo Antiochus na Ptolemy. Hivyo historia ya India ikafungamanishwa na tarehe zinazojulikana za nchi za Mediterania. Mfalme aliyetawala dola kubwa, akajutia damu aliyoimwaga vitani na kuwahimiza watu wake kutenda mema, akarudishiwa sauti baada ya zaidi ya miaka 2000.

Mgala Muue na Haki Yake Mpe

Haifai kumsawiri Prinsep kama shujaa wa peke yake. Yeye mwenyewe hakuwa bingwa wa Kisanskriti. Alitegemea wasomi wa Kihindi walioajiriwa na chama, miongoni mwao Kamalakanta, waliomfafanulia msamiati na sarufi kila alipokwama. Kadhalika, wakulima na wachungaji walioziokota sarafu mashambani hawakuandikwa majina yao popote. Tena ni vyema kukumbuka kwamba aliitumikia Kampuni iliyokuwa ikiwatawala watu wale wale ambao maandishi yao aliyasoma. Sifa zilizoandikwa kwenye mawe na vitabuni zilimwendea mmoja. Kidole kimoja, hata hivyo, hakivunji chawa.

Lakini yapo ambayo ni haki yake bila shaka. Hakuficha alichokijua. Kila hatua aliichapisha upesi, hata ilipokuwa na kasoro, ili wengine waisahihishe. Aliwataja waliomtangulia katika kila ugunduzi. Kijana mhandisi Alexander Cunningham alijifunza elimu ya sarafu kutoka kwake, na baadaye, mnamo 1861, akawa mkuu wa kwanza wa uchunguzi wa mambo ya kale nchini India.

Mauti na Urithi

Katika miaka hiyo Prinsep aliendelea kushika kazi ya kiwanda mchana na kuzisoma sarafu usiku. Mwaka 1835 alimwoa Harriet Aubert, na wakajaaliwa binti mwaka 1837. Katika 1838, mwaka ule ule wa mavuno yake makubwa kabisa, kichwa kilianza kumuuma bila kukoma. Mwishoni mwa mwaka akapakiwa melini kurudi Uingereza. Akili iliyofumbua hati mbili ilififia polepole. Hakupona. Aliaga dunia jijini London tarehe 22 Aprili 1840, akiwa na umri wa miaka 40 tu.

Wakazi wa Calcutta walimjengea lango la nguzo nyeupe kando ya mto Hooghly mnamo 1843, linaloitwa Prinsep Ghat hadi leo. Mkusanyiko wake wa sarafu ulinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1847. Makala yake yaliyotawanyika jaridani yalikusanywa na Edward Thomas na kuchapishwa katika juzuu mbili mwaka 1858.

Upo urithi mwingine uliovuka bahari. Kwa juhudi za Prinsep, tola ilipewa kipimo kimoja mnamo 1833, na mwaka 1835 rupia ya Kampuni ikafuliwa kwa uzito huohuo, takriban gramu 11.66, badala ya rupia nyingi zilizotofautiana kila jimbo. Ni kwa kipimo hicho rupia ya Mombasa ilifuliwa mwaka 1888, na rupia ikaendelea kutumika nchini Kenya hadi mwaka 1920. Maneno rupia na tola yamo katika kamusi za Kiswahili, na ndugu yao pesa angali mdomoni mwa kila mtu.

Hitimisho

Maisha ya James Prinsep yanaonyesha kuwa maandishi yanaweza kudumu yakiwa yamesimama hadharani, huku usomaji wake ukiwa umekufa. Jiwe halikupotea, kilichopotea ni mrithi wa kulisoma. Jambo hili halimhusu Mhindi peke yake. Hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa katika maktaba na majumbani mwa watu wa pwani, na idadi ya wanaoweza kuzisoma bila kigugumizi si kubwa miongoni mwa vijana wanaoisomea lugha hii. Prinsep hakuwa na mwalimu wa Brahmi wa kumwendea. Ilimbidi aokoteze silabi mojamoja kutoka kwenye sarafu zilizochakaa, na gharama yake ikawa uhai wake. Mwanafunzi wa Kiswahili bado anao walimu wa hati hizo wanaoishi, na mwenye kuuliza leo hatalazimika kufumbua kesho.